Bukini wa Mama na Majani ya Alfalfa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Peris alibeba bakuli la mahindi hadi nyuma ya nyumba yake mjini Kitale. Huko, ndani ya ua wa mabati, aliwafuga bata bukini wawili, jike na dume. Walikuwa wa marehemu mama yake. Baada ya mazishi, baba yake, Mzee Mukhisa, alimwomba awatunze, kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu za kuwakimbiza.

Tangu siku hiyo boma la baba kule kijijini Ndalu lilinyamaza. Zamani bukini walipiga kelele kila mgeni alipofika, na mama aliwafokea mpaka majirani wakacheka. Sasa mzee aliamka kukiwa kimya. Kila Jumapili alimpigia Peris simu.

"Hawajaangua bado?"

"Bado, Baba."

"Haya. Mimi nangoja tu."

Moyo ulimuuma Peris. Alitamani kumpelekea baba vifaranga wa bukini wale wa mama, si wa kununua sokoni. Lakini mwaka uliopita jike alitaga mayai machache, akayaatamia kwa subira, na yote yakawa viza. Peris alidhani hawashibi, akaongeza mahindi. Huku kwetu Trans Nzoia ukimpenda mtu unamshibisha mahindi, na Peris aliwapenda mno. Bukini walinenepa mpaka wakawa wanatembea wakihema.

Siku moja jirani yake, Premlata, ambaye Peris alizoea kumwita Mama Tanvi, alikuja kurudisha sufuria. Premlata alikuwa na duka la vyakula vya mifugo, na nyuma ya duka alipanda majani ya alfalfa kwa ajili ya ng'ombe wake. Aliwatazama bukini, akashika kiuno.

"Peris, hawa unawalisha nini?"

"Mahindi, Mama Tanvi. Na ya kutosha."

"Mahindi peke yake?"

"Si ndio chakula? Ama niwapikie nyama?"

Premlata alicheka, kisha akaketi juu ya ndoo.

"Mahindi inaleta mafuta. Bukini akinona sana hatagi vizuri, na mayai yake haianguliwi. Huyu ni wa kula nyasi, bana. Kwa mama yako walikuwa wanakula wapi?"

Peris aliwakumbuka wakishuka mtoni asubuhi na kurudi jioni, matumbo yamejaa majani. Mama hakuwahi kuwafungia. Machozi yalimlengalenga.

"Usilie. Kuja ukate alfalfa kwangu. Iko na protini na vitamini, na yai inataka hizo. Kata ikianza tu kutoa maua, katakata ndogo, changanya na nyasi. Ikiwa na ukungu, tupa. Mahindi, wape kidogo jioni, na kidogo pia ya chakula ya kuku wa mayai. Maji na mchanga zisikosekane. Mchanga unawasaidia kusaga majani."

"Kwani siwezi kuwapa alfalfa peke yake?"

"Hapana. Kila kitu na kiasi chake. Hata vifaranga, wakianza kuota manyoya, usiwazidishie chakula ya protini. Mabawa yao itapinda nje."

Jioni Kizito, mume wa Peris, alimkuta mkewe akikatakata majani.

"Ati bukini wamegeuka ng'ombe?" alimtania.

Lakini yeye ndiye aliyekata mlango kwenye mabati ili ndege watoke wakale nyasi. Polepole bukini walipungua unene, wakaanza tena kukimbizana. Mvua zilipoanza, jike alitaga mayai mengi, akayaatamia. Baba alipouliza, Peris alisema "Bado", maana aliogopa kumpa matumaini ya bure.

Asubuhi moja alisikia milio myembamba chini ya jike. Alichuchumaa pale pale, akalia.

Vifaranga walipoota manyoya, Peris alipeleka wanne Ndalu, pamoja na mbegu za alfalfa. Alimweleza baba namna ya kuwalisha. Mzee aliitikia kwa kichwa tu, macho yake yakiwafuata ndege uani. Mbwa wa jirani alipopita, wote wanne walipaza sauti kwa pamoja.

Jioni baridi ilianza kuingia, na Peris akasimama afunge mlango wa nyumba.

"Wacha wazi," alisema baba. "Nataka kuwasikia."