Baridi Kwenye Msaada

Wapo watu ambao pepo likiwavamia, unalionea huruma pepo. Meneja Apolinary alikuwa mmoja wao, na msiseme namsengenya, maana hata mbele yake ningesema.

Yalianza na kitu kidogo, saa sita mchana, jua la Musoma likichoma bati la ofisi. Hyasinta, mpiga chapa wa kiwanda cha minofu ya sangara kule ufukweni, alikuwa ameinuka kunywa maji. Aliporudi, Msaada ulikuwa umefunguka wenyewe, na kioo cha kompyuta kilikuwa kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Huo Msaada ulikuwa programu iliyojificha ndani ya kompyuta. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unachomoza juu ya chochote unachoandika, ndani ya kisanduku cha bluu, na kukueleza kwa Kiingereza namna ya kufanya kazi. Kompyuta yenyewe Apolinary aliinunua kwa mradi wa wazungu uliokuwa unafunga virago. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye tumbo alijiita mwekezaji. Kwa ubahili wake akaichukua bila kitabu, halafu akamwamuru Hyasinta anakili Msaada wote, kisanduku baada ya kisanduku, auweke kwenye programu ya kuandikia, auchape, ndio uwe kitabu. Kazi ya kipuuzi, lakini ndiyo iliyolisha nyumba nzima ya marehemu kaka yake Hyasinta.

Hyasinta akakaa. Akatia alama maneno ya kisandukuni, akayanakili, akayabandika kwenye ukurasa wake. Kisandukuni yalikuwa Kiingereza. Ukurasani yakatua hivi: *Hyasi, huku kuna baridi.*

Mtu mmoja tu alikuwaga anamwita Hyasi. Ni Renatus, kaka yake, na Renatus alifia nyuma ya ukuta uleule wa ofisi, ndani ya chumba cha barafu.

Na alikufaje? Nisikilizeni vizuri. Wanunuzi wa kigeni walikuja, Apolinary akafunga chumba cha barafu kwa mnyororo, ati vibarua wasimwibie minofu mbele ya wageni. Renatus alikuwa ndani anapanga samaki. Akagonga. Vibarua wakasikia, wakakimbia kumwambia meneja. Akawajibu, "Nikifungua, baridi itatoka. Avumilie kidogo." Baridi itatoka! Jamani, mdomo uliobatizwa unasema maneno kama hayo? Wageni walipoondoka na mlango ukafunguliwa, Renatus alikuwa ameuegemea, ngumi imeganda hewani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Padri alimzika vizuri kwao Mugango, misa ikasomwa. Lakini watu wa ufukwe ule wanajua kwamba aliyefia ugenini hafiki nyumbani peke yake. Sharti ndugu aende palepale alipofia, abebe shati lake, amwite kwa jina, kisha arudi naye bila kugeuka nyuma na bila kumsalimia mtu njiani. Apolinary alikataa. "Hiki ni kiwanda cha kisasa," alisema, "tambiko kafanyieni huko kwenu." Boke, mjane wa Renatus, alikwenda na shati mkononi akafukuzwa getini kama mwizi.

Jioni Hyasinta alirudi chumbani kwao Kamunyonge, akamkuta Boke amemkumbatia Eliasi, kichanga aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini. Mtoto alikuwa amefunikwa mablanketi yote ya nyumba, na bado midomo yake ilikuwa ya bluu. Zahanati walimpima wakarudia kumpima, hawakuona kitu.

"Leo hajanyonya," Boke alinong'ona. "Wifi, mguse. Mguse miguu."

Hyasinta akaigusa, akaurudisha mkono haraka.

Mama yake Hyasinta alikuwa pembeni ya jiko la mkaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni baba yake huyo. Anamkumbatia mwanawe apate joto. Hajui kama anamuua."

"Tufanye nini, mama?"

"Aitwe. Mtoto huyu hatafika Jumapili."

Kesho yake Hyasinta alikwenda kazini na shati la Renatus ndani ya pochi. Chumba cha barafu kilikuwa na mlinzi, kwa hiyo akafunga mlango wa ofisi, akalitandaza shati juu ya kompyuta, na kabla hajabonyeza kitu Msaada ukachomoza. Ukutani kukagongwa. Taratibu kwanza, kama mtu anayeomba samahani, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, na harufu ya barafu na samaki mbichi na chuma ikajaa pale ndani, na jasho la kioo likaanza kuganda kutoka pembeni kuelekea katikati, na vidole vya Hyasinta vikauma kwa baridi mpaka akawa haisikii kibodi anayoigusa, na huko nje, dirishani kabisa, wanawake wa kuparua samaki walikuwa wanacheka juani kama siku yoyote.

"Yesu na Maria," alisema. Akaandika: *Kaka, twende nyumbani.*

Kisanduku kikajifungua kwenye maelezo ya kazi mbili, kuhamisha na kunakili. Hyasinta aliyajua kwa moyo, alikwishayachapa. Ukihamisha maneno, yanatoka kule na kuja huku. Ukinakili, yanakuja huku, na kule yanabaki vilevile.

Mlango ukasukumwa. Apolinary akafungua kwa ufunguo wake, akaishia kizingitini bila kusikia kule kugonga, shati limefunguliwa kifua kwa joto la nje.

"Unajifungia kufanya nini? Halafu yule wifi yako yuko tena getini na kitoto chake. Mwambie, kikifia pale kwenye geti langu, kisije kikaniharibia biashara."

Hyasinta aligeukia kibodi. Machozi ya hasira yalimtoka. Apolinary akasonya, akaondoka.

Hyasinta akaandika tena, herufi moja moja: *Kaka, nikuhamishe, au nikunakili?*

Kugonga kukanyamaza. Maneno yakajitokeza yenyewe kwenye barafu ya kioo: *Mimi niende nyumbani, mwanangu apone. Na mimi nibaki na Apolinary.*

Akanakili. Akahifadhi kwenye disketi, akaifunga disketi ndani ya shati, akamwita kaka yake kwa jina lake lote, akatoka. Getini akampungia Boke amfuate, bila neno. Wakapanda pikapu ya Mugango. Watu walimsalimia, akapita. Mama mmoja wa kanisani akasema nyuma yake, "Ona anavyoringa! Kisa kompyuta!" Hakugeuka. Kaburini walifukia shati na disketi pamoja, wakakaa chini, wakangoja huku Boke analia kimyakimya.

Eliasi akapiga chafya. Kisha akatokwa jasho, jasho la kweli la mtoto aliyefunikwa sana, akalia kwa hasira akitafuta ziwa. Boke akamnyonyesha palepale juu ya udongo, akicheka na kulia kwa pamoja.

Jumatatu Hyasinta alimkuta Apolinary ofisini, kwenye kiti chake yeye Hyasinta. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Meneja alikuwa amevaa koti la chumba cha barafu na kofia yake, meno yanagongana, nyusi zimeota weupe. Mbele yake kisanduku cha bluu kilikuwa wazi, na ukuta ulikuwa unagongwa.

"Hyasinta, dada yangu," alinong'ona. "Nimezima umeme wa kiwanda chote. Bado hiki kisanduku kinawaka. Nimekwenda kulala kwa shemeji yangu Bunda, hata huko ukuta unagonga. Watu wanasema ulimtoa. Mbona yupo?"

"Nilimtoa."

"Sasa huyu ni nani?"

"Ni Renatus. Nilinakili tu, meneja. Kunakili siyo kuhamisha, imo kwenye kitabu ulichoniagiza."

Apolinary akaishika mikono ya Hyasinta, na mikono yake mwenyewe ilikuwa ya bluu. "Basi mhamishe. Nakuomba. Nisaidie."

Hyasinta akajichomoa, akachukua kikombe chake na kalenda yake ukutani.

"Si huo Msaada uko mbele yako?" alisema. "Muulize."

Akatoka juani, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, baridi isitoke.