Vitambaa kwenye Mashine ya Mama

Korido ya hospitali ilijaa hadi mlangoni. Fundi cherehani, akiwa amemshika mama yake mkono, alimkanyaga msichana mwenye gauni la bluu.

"Dada, pindo lako limefumuka."

"Badala ya kuomba radhi, unanikagua?"

Wakacheka. Kumbe msichana ndiye mkalimani wa hospitali. Mashine sita za kusafisha damu zilikuwa msaada wa nchi ambayo juzijuzi tu nayo ilikuwa ikisaidiwa, na vitufe vyake viliandikwa kwa lugha ya huko. Nchi hiyo ilimsomesha bure, naye akasaini kuitumikia miradi yake popote. Ilibaki miaka mitatu.

Pindo likashonwa, mapenzi yakaanza. Ila simu za jioni!

"Mpenzi, kitufe cha njano kimeandikwaje?"

"'Punguza mwendo.' Hata hujaniuliza kama nimekula."

"Umekula? Na chekundu?"

Siku moja wauguzi wakamtania mkalimani: "Shemeji yetu mjanja! Kapata mchumba na mhudumu wa mama kwa mpigo mmoja."

Maneno yakamchoma. Jioni akauliza, "Unanipenda mimi, au mashine ya mama yako?" Akakata simu.

Wiki nzima hakupokea. Kuondoka nako hakuweza. Nani angesoma vile vitufe? Alisimama kando ya kitanda cha mama, macho chini.

Ijumaa akakuta mashine zote sita zimebandikwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa: Anza. Punguza mwendo. Simamisha. Akavisoma kimoja kimoja. Hakuna kilichokosewa.

"Nilitaka ukija hapa, uje kwa kupenda," fundi akasema nyuma yake.

"Mjinga wewe! Si ungeniambia?"

"Hukupokea simu."

Mama akafumbua jicho moja. "Muoe basi, kabla hajanuna tena."

Jumatatu msimamizi wa mradi alivisifu vitambaa, akavipiga picha. Kisha akamkabidhi mkalimani barua. Hapa hahitajiki tena. Kuna hospitali mpya, mwendo wa siku mbili. Miaka yote mitatu.

Fundi akashika ukingo wa kitambaa kimoja. "Nivibandue?"

Mkalimani akamtazama mama aliyelala, damu yake ikizunguka taratibu kwenye mipira.

"Viache."

Fundi akavua futi shingoni, akampima mabega, kisha kiuno.

"Unafanya nini?"

"Gauni la harusi. Miaka mitatu inatosha kulishona vizuri."

"Na nikinenepa huko?"

"Nitaacha kitambaa cha ziada kwenye mishono."