Mwizi Aliyekaza Uzi

Ndoano ya ukutani ilikuwa tupu. Chini yake kadi ngumu ya manjano ilikuwa bado imebandikwa: "Bikizee. Nyuzi nne, za zamani, zisibadilishwe. Sauti ya kifuani. Halalamiki."

Inspekta aliisoma mara mbili. Alikuwa amewahi kupeleleza wizi wa pampu za maji, wa kengele ya shule, na mara moja wa lango zima la chuma pamoja na nguzo zake. Kitu kilichoibwa na kuacha kadi ya mgonjwa nyuma yake hakuwahi kukutana nacho.

"Mazoea," mwenye nyumba alisema. Alikuwa daktari wa meno mstaafu, mrefu, mwenye pengo kati ya meno yake mwenyewe ya mbele, jambo ambalo wateja wake walimtania nalo miaka yote. "Nimeandika kadi za watu maisha yangu yote. Sasa naandika za magitaa ya besi. Hawa angalau hawaogopi sindano."

Magitaa yalikuwa kumi na moja. Sasa kumi. Yalining'inia ukutani kwa mstari, la shingo fupi, la nyuzi tano, la tumbo wazi, na moja lenye shingo laini kabisa isiyo na vile vyuma vya kugawia sauti. Kila moja na jina lake na kadi yake.

"Mliondoka saa ngapi leo?"

"Saa tatu asubuhi. Tumerudi saa tano."

"Mlango?"

"Umefungwa kama tulivyouacha."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, mke wangu, na Kidole."

"Kidole ni nani?"

"Fundi wangu. Alikuwa mpiga besi wa bendi, anapiga kwa kidole kimoja tu, ndiyo hilo jina. Lakini huyo mtoe, Inspekta. Huyo ni ndugu yangu."

Inspekta hakumtoa. Katika kazi yake, watu wa kutolewa ndio aliowaandika juu kabisa ya ukurasa.

Mke wa daktari alieleza yaliyobaki, kwa sababu mumewe alikuwa amekaa kitini akiitazama ndoano. Kila Jumamosi Kidole alikuja, akakaa nyuma ya pazia, akapiga mstari uleule kwenye kila gitaa. Daktari alikaa kwenye kiti kile akataja jina la kila moja kwa kusikia tu. Baada ya hapo wawili hao walibishana hadi chakula cha mchana, lipi linakoroma, lipi linaimba, lipi lina mafua.

"Na Jumamosi hii kuna wageni," mama alisema. "Wakusanyaji wenzake. Yupo mmoja, Mhandisi, ana gitaa pacha wa Bikizee. Mwaka mmoja, kiwanda kimoja. Wanataka mume wangu ayatenganishe kwa sikio. Wiki nzima hajala vizuri, mwanangu."

Mtaalamu wa alama za vidole alimaliza kazi yake, akamwita Inspekta pembeni.

"Alama za vidole ni za watu watatu, idadi ileile ya wenye funguo. Ila kuna hii." Alielekeza tochi kwenye pembe ya juu ya gitaa la tumbo wazi. "Alama za meno. Na mate yaliyokauka. Yote kumi yako hivi."

"Nani anatafuna gitaa?"

"Si panya. Panya hana pengo katikati."

Inspekta aligeuka kumtazama daktari, lakini alifunga mdomo wake. Kukamata jibu mapema kulikuwa kumemponza zaidi ya mara moja.

Daktari aliinuka akasimama mbele ya gitaa la tatu. "Huyu anaitwa Mlegevu. Kigingi chake cha kukazia uzi kimekwisha. Unakaza uzi mnene leo, kesho umeshuka. Nilimwambia Kidole asikibadilishe, ndiyo tabia yake." Aliuvuta uzi kwa kidole gumba. "Unasikia ulivyoshuka?"

Inspekta hakusikia chochote cha ajabu. Aliyekuwa na sikio ni Koplo, msaidizi wake, aliyeongoza kwaya siku za mapumziko. Koplo aliuvuta ule uzi tena, akatoa simu yenye programu ya kupimia sauti, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kusema neno.

Alisema garini.

"Ule uzi haujashuka, Afande. Uko palepale unapotakiwa. Sindano ya kipimo imesimama katikati."

"Daktari kasema umeshuka."

"Ndiyo. Na ulipigwa mbele ya uso wake."

Inspekta aliwasha gari. Wazo lililokuwa vichwani mwao lilikuwa moja, na wote wawili hawakulipenda.

Mhandisi alihojiwa siku hiyo hiyo, maana utaratibu ni utaratibu.

"Ulitaka Bikizee?"

"Nani hataki? Jumanne nilimbembeleza tubadilishane. Akanipa chai, akanionyesha mlango."

"Leo saa tatu hadi saa tano?"

"Juu ya mnara wa maji. Mafundi sita chini wananiambia nisitazame chini." Alishusha pumzi. "Jumamosi imekufa. Hakuna mwingine mwenye masikio kama yale."

Mafundi sita walithibitisha. Asubuhi ya Ijumaa, Inspekta na Koplo walikwenda kwa Kidole.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichonukia gundi na vanishi. Kilikuwa ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa kliniki ya meno, na kiti cha kung'olea meno kilikuwa bado katikati. Kidole alikuwa amelaza gitaa la mteja juu yake, anapiga msasa. Alikuwa mfupi, mwenye mkono wa kushoto uliopinda kidogo kwenye kifundo.

"Jana saa tatu hadi saa tano ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Huyu." Alilipiga gitaa kofi dogo.

"Mara ya mwisho uliingia lini chumba cha Daktari?"

"Jumamosi."

"Ulimkaza Mlegevu?"

"Kila Jumamosi namkaza."

"Anashika siku ngapi?"

"Siku?" Kidole alicheka. "Huyo hamalizi hata usiku mmoja."

"Basi jana saa tano alikuwa amekazwa barabara. Nani alimkaza?"

Kidole aliweka msasa chini. Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho akaanza upya.

"Mwizi wa kawaida angebeba gitaa akakimbia," Inspekta aliendelea. "Huyu alisimama akatyuni la jirani."

"Nilimgusa Mlegevu kwa bega wakati namshusha Bikizee," Kidole alisema polepole. "Akalia. Alikuwa ameshuka vibaya mno. Inspekta, mimi siwezi kupita mbele ya uzi uliolegea nikauacha. Siwezi. Hata kwenye msiba nimewahi kumtyunia mtu."

"Liko wapi?"

Alifungua kabati la zana za zamani. Bikizee alikuwa amelala ndani ya mablanketi mawili, na la juu lilikuwa jipya.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Jumamosi Daktari angeaibika." Alimfunika Bikizee tena. "Hasikii. Mwaka mzima sasa. Sauti nyembamba anasikia, nene zinamkimbia. Mimi niko nyuma ya pazia napiga hili, yeye anataja lile. Namwambia umepatia. Kila Jumamosi namdanganya mtu ambaye sikupaswa kumdanganya hata mara moja."

"Kwani alikufanyia nini?"

Kidole alitazama kiti.

"Nilipovunjika mkono huu bendi ilinitema. Hakuna aliyeniachia hata nimshikie gitaa. Nikaja hapa jino linauma, nimekata tamaa ya kila kitu. Akaning'oa jino, akaona sugu kwenye vidole, akaniuliza napiga nini. Nikamwambia sipigi tena. Akanipeleka nyumbani kwake, akanikabidhi haya magitaa yote kumi na moja niyatunze. Alikuwa hajanijua hata saa moja. Alipostaafu akaniachia chumba hiki. Mke wangu, watoto wangu, hii aproni, vyote vimetoka kwenye kiti hiki. Sasa nimwache akae mbele ya wageni, wamcheke? Bila Bikizee hakuna shindano. Baadaye ningemrudisha."

Koplo alijifanya anasoma lebo za mikebe ya vanishi.

"Utakuja na mimi," Inspekta alisema. "Na utamwambia mwenyewe."

Daktari aliwafungulia mlango. Aliliona gitaa mkononi mwa Kidole, akamwona Inspekta nyuma yake, akaelewa. Aliwapeleka chumbani, mke wake akafuata.

Kidole alisema yote. Aliyasema akitazama sakafu, na Daktari ilibidi amwinue kidevu kwa mkono, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kwa wagonjwa.

"Niangalie ukisema. Nasoma midomo."

Kidole alimtazama usoni.

"Nilijua kabla yako," Daktari alisema. "Daktari wa masikio aliniambia miaka miwili iliyopita. Na nilijua unanidanganya. Kuna Jumamosi nilitaja jina la gitaa lililokuwa kwenye kiti chako karakanani, limefunguliwa shingo. Nawe ukaniambia, umepatia kabisa."

Mama alicheka kwanza, akaziba mdomo. Koplo hakufanikiwa kuuziba wake.

"Alama za meno," Inspekta alisema.

"Zangu. Ukiuma mbao, mlio unapanda kwenye taya hadi kichwani. Mtu wa meno nimechelewaje kulijua hilo, sijui. Nikiwa peke yangu nasikia wote kumi na mmoja hivyo. Ila nyuma ya pazia hawaumiki."

"Mimi nilidhani unawabusu," mama alisema. "Nikajisemea, acha, uzee."

"Sasa kwa nini ulikubali shindano?" Inspekta aliuliza. "Kwa nini hukusema?"

Daktari alikaa. Hapo ndipo alipoonekana mzee.

"Kwa sababu ya huyu. Mpiga besi atakuja kufanya nini Jumamosi kwa kiziwi? Ningesema tu, angeanza kuchelewa, halafu angepata udhuru, halafu basi. Niliona afadhali niaibike mbele ya wageni kuliko nikae kwenye kiti hiki peke yangu."

Inspekta alifungua daftari lake, akalifunga. Angeweza kusema juu ya kumdanganya polisi, na juu ya kuingia nyumba ya mtu kuchukua mali yake. Alikuwa na fomu ya kila kosa. Badala yake aliuliza swali moja la kazi.

"Daktari, unashtaki?"

"Namshtaki nini? Mtu kaiba ili nisiaibike. Mimi nashukuru, Inspekta. Nashukuru sana, wala sijui shukrani hii niiandike kwenye kadi gani."

"Andika barua ya kufuta malalamiko. Na wewe, Kidole, ukinipotezea siku mbili nyingine, nitakuweka ndani pamoja na hilo gitaa."

"Sawa, Afande."

Daktari alikuwa tayari amechukua kadi mpya na kalamu. Akavuta kiti cha pili, akakiweka mkabala na chake, upande huu wa pazia.

"Wageni kesho nitawaambia mwenyewe," alisema. "Leo kaa hapa. Piga, halafu uniambie unasikia nini. Taratibu, nione midomo."

Kidole hakuwa mtu wa maneno. Alimweka Bikizee pajani, akavuta uzi mnene kwa kile kidole chake kimoja, akasikiliza mpaka mlio ulipokwisha kabisa. Ilionekana anatafuta, na hapati, na hatakubali kukosa.

"Unaanzia chini," alisema. "Chini sana, Kaka. Halafu haubanduki. Unakaa na wewe."

Daktari aliandika. Hakuacha hata neno.

"Endelea," alisema.