Mke wa Kaya Namba Kumi na Nne

"Mwanangu, huyu Abdulhalim mliyeniozesha ni nani?"

Shufaa aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. Mbele ya meza yake, katika ofisi ya usajili wa kaya pale Kibiti, alisimama mama wa makamo ameshika karatasi ya kugawiwa vyandarua.

"Shikamoo, mama. Sijakuelewa."

"Marahaba. Mimi Mwamini wa Mtawanya, kaya namba kumi na nne. Mume wangu ni Mtoro, sasa hivi yuko shambani anaokota korosho. Karatasi yenu inasema mume wangu ni Abdulhalim Saadi. Posa sikuiona, mahari sikula, na Mtoro kaninunia tangu jana."

Jina lile lilimchoma Shufaa. Miezi mitatu iliyopita, akiujaribu mfumo wa usajili alioutengeneza mwenyewe, alisoma hivi: Abdulhalim Saadi, Mbuchi. Mke: Mwamini. Naye Abdulhalim ndiye aliyemwahidi posa. Hakumuuliza. Aliacha kupokea simu zake, na jumbe zake kumi na moja hakuzijibu, ingawa kila jioni alizirudia kuzisoma hadi akazihifadhi moyoni. Wa mwisho ulisema: "Shufaa, nitajie kosa langu, hata kwa neno moja."

"Mama, umewahi kufika Mbuchi, kule delta, ng'ambo ya maji?"

"Nifuate nini? Mimi naogopa hata maji ya mtungini."

Mama alipoondoka, Zuena, mwenzake wa ofisini aliyejua habari za Abdulhalim, alivuta kiti.

"Jedwali la wake umeliunganisha na la kaya kwa kitu gani?"

"Kwa namba ya kaya."

"Peke yake? Bibi wee, kila kijiji kina kaya namba kumi na nne. Ufunguo wa kaya, yaani kinachoitambulisha, una sehemu mbili, kijiji na namba, na zote mbili lazima zitajwe. Ukiiacha moja, mtu wa Mbuchi anapewa mke wa Mtawanya. Sijui tumeozesha wangapi."

Shufaa aliandika sehemu zote mbili, moja baada ya nyingine, akauendesha mfumo upya. Mwamini alirudi kwa Mtoro. Kwa Abdulhalim, penye jina la mke, palibaki patupu.

"Basi mwongo hakuwa yeye," Zuena alisema taratibu. "Mpigie."

Simu iliita kwa muda mrefu.

"Abdulhalim, ni Shufaa."

"Najua. Namba yako sijaifuta."

"Niliona kwenye mfumo kwamba una mke. Mfumo ni wangu, na kosa ni langu. Niwie radhi."

"Mke gani?"

"Bi Mwamini wa Mtawanya. Umri wa mama yako."

Abdulhalim hakucheka.

"Miezi mitatu, Shufaa. Kuuliza si ujinga."

"Niliogopa utajibu ndiyo."



"Mama amenitafutia mchumba kule Mfisini," Abdulhalim alisema. "Anataka jibu Ijumaa."

Shufaa alishika ukingo wa meza.

"Utamjibu nini?"

"Jana ningemkubalia. Nilichoka kusubiri."

"Na leo?"

"Leo nitamwambia kesho navuka kwa mashua hadi Nyamisati na mjomba Mohamedi, tunakuja kwenu kuposa. Lakini ukisikia tena nina mke, uanze kuniuliza mimi."

"Nitakuuliza."

"Usikate simu. Sema lolote, nikusikie."

Shufaa alianza kumsomea kwa moyo jumbe zake, kuanzia ule wa kwanza. Naye Abdulhalim, upande wa pili, alisikiliza.