Dawa za Mek Jarah

Kilichomkera Nik Suhaila asubuhi ile ni kumkuta mgonjwa ameketi kitandani anachana nywele.

Suhaila alikuwa mfamasia wa hospitali ya wilaya huko Kelantan, na mkononi alishika faili la bibi huyo, Mek Jarah, mkunga wa zamani ambaye saratani ya titi ilikuwa imeshaingia mifupani. Faili lilisema mofini imepandishwa, ikapandishwa tena, na jana jioni ikapandishwa zaidi. Mtu mwenye kipimo kile mwilini hachani nywele. Analala, na mboni za macho yake zinakuwa ndogo kama punje za ufuta. Mboni za Mek Jarah zilikuwa pana, na machozi ya maumivu yalikuwa yakimtiririka huku kitana kikishuka taratibu.

"Mama, sindano ya alfajiri wamekuchoma?"

"Wamenichoma, mwanangu. Lakini haikunifikia."

Kwenye kiti cha pembeni, binti yake Kamaliah alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mfuko wa wali uliopikwa kwa maua ya buluu, alioununua nje, ungali umefungwa mapajani mwake.

Daktari Kugan ndiye aliyempa Suhaila kazi hiyo: apitie faili lote, achunguze kila dawa aliyoandikiwa mgonjwa, atafute ni ipi inayoua nguvu ya nyingine. Suhaila alirudi famasia akavifungua vitabu. Alichunguza ini, akachunguza figo, akapiga simu kiwandani kuulizia ile mofini, akampigia na profesa wake wa zamani, aliyemjibu kwa kicheko kwamba huenda muuguzi anachoma godoro. Hakupata kitu. Insulini ya kisukari chake inachomwa, sukari haishuki. Dawa ya usingizi inachomwa, mgonjwa anakesha. Kila ukurasa dawa zinaingia kwa yule bibi kama maji yanayomwagwa mchangani, na kila ukurasa una sahihi ya mtu aliyeapa kwamba amezitoa. Ilipofika saa ya chai Suhaila alikuwa ameshavunja kalamu kwa hasira.

"Mimi nimeshalijua jibu," Daktari Kugan alisema walipokutana wodini. "Binti anajichoma dawa za mama yake. Mwangalie macho."

Suhaila aliinama akamfunua Kamaliah kope. Mboni zilikuwa punje za ufuta.

Kamaliah aliamka akiyumba. Alipoelewa anachotuhumiwa, hakupiga kelele. Alilia kimya kimya, kama mtu aliyechoka hata kujitetea. "Mimi nimwibie mama yangu dawa, Daktari? Ninamsikia anavyougua, halafu nimwibie?"

Suhaila hakupenda kubaki na jambo nusunusu. Alichukua insulini mwenyewe, akapima sukari ya Mek Jarah, akamwambia Kamaliah akasimame mlangoni, mbali na kitanda, mikono yake ionekane. Kisha akamchoma bibi tumboni mbele ya daktari. Wakangoja. Feni ilikuwa inazunguka juu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mmoja mchuuzi wa samaki, alivuta shuka mpaka kidevuni akasema kwa sauti ya chini, "Sasa mtalisikia. Kila akichomwa sindano, linakwaruza."

Na kweli kulikuwa na mkwaruzo. Ulitoka chini ya kitanda, kama kucha ndefu zinazoburutwa kwenye chuma, na pamoja nao ikaja harufu ya ubani ulioungua na udongo wa kaburi lililochimbwa baada ya mvua, harufu iliyowafikia mmoja baada ya mwingine kana kwamba inapita kitanda kwa kitanda ikitafuta mtu, ikampita Suhaila, ikampita daktari, ikaenda moja kwa moja mlangoni, na pale mlangoni Kamaliah akatokwa na jasho, akaishika fremu, akatamka jina la mama yake na kuanguka.

Suhaila alimkimbilia na kipimo. Sukari ya Kamaliah ilikuwa chini kiasi cha kutisha. Walimwekea dripu ya glukosi palepale sakafuni. Wakampima na Mek Jarah: yake ilikuwa vilevile juu, haikushuka hata kidogo.

"Umeona," Suhaila alisema.

"Nimeona," alijibu Daktari Kugan. Alikuwa amepauka. "Sasa unataka niandike nini kwenye faili? Niandike jini?"

"Andika dawa zisimamishwe."

"Kwa sababu gani? Nimnyime mofini mgonjwa wa saratani? Wataniuliza, Suhaila. Wataniita kwenye kikao, na wewe pia."

"Anayekunywa dawa zako ni mtu mwingine, Daktari. Ukipandisha tena utamuua."

Wakabishana mpaka koo zikakauka. Mwishowe Suhaila alirudi famasia akafunga kabati, akatangaza kwamba dawa za Mek Jarah hazitoki mkononi mwake. Mkuu wake alimpigia simu akamfokea. Suhaila alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema tena kwamba hazitoki.

Alasiri Kamaliah, akiwa bado amepauka, alimfuata. "Dada Suhaila, usijisumbue na vitabu," alinong'ona. "Mama alikuwa na mwenzake. Alimrithi kwa bibi yangu. Ndiye aliyekuwa akimsaidia kuzalisha, ndiyo maana hajawahi kupoteza mzazi hata mmoja. Sasa mama anataka kwenda, na lenyewe haliwezi kubaki bila mtu. Kila siku linaniuliza kwa mdomo wa mama, utanipokea? Ninakataa. Nina mtoto, dada."

"Na ukikataa inakuwaje?"

"Ndiyo unayoyaona."

Hospitali haikuwa na la kufanya. Asubuhi iliyofuata Daktari Kugan alisaini mgonjwa arudishwe nyumbani, kwa shingo upande, na Suhaila, ambaye hakuwa na wajibu wowote tena, akajikuta anaendesha gari nyuma ya ile ambulansi.

Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo, pembeni mwa mashamba ya mpunga. Mganga alikuwa ameshafika. Aliitwa Pak Su Derasid, mzee mfupi mwenye suruali ya mafundi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda juu ya paa na kung'oa vigae vilivyokuwa juu ya kitanda, ili roho ipate njia ya kutokea. Jua la adhuhuri lilimwangukia Mek Jarah kifuani. Chumbani alibaki mgonjwa, Kamaliah, mganga na Suhaila. Mtoto wa Kamaliah, Aufa, alikuwa jikoni na baba yake.

"Mtu yeyote asilijibu isipokuwa mimi," Pak Su Derasid alisema. "Litaomba, litalia, litatisha. Mwacheni mama alifukuze mwenyewe. Akishatamka, limekwisha."

Akaanza kisomo. Mwanzoni palikuwa na sauti yake tu na kuku nje. Kisha mkwaruzo ukaanza chini ya sakafu, kwenye nafasi kati ya nguzo, ukizunguka, ukija karibu, na harufu ile ya ubani na kaburi ikapanda kupitia nyufa za mbao mpaka Suhaila akaziba pua kwa ushungi, na Mek Jarah akaanza kupiga kelele, kelele za mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, akipinda mgongo kiasi kwamba mifupa iliyokwishaliwa na saratani ilisikika ikilia, huku mganga akimwambia, sema, Mek, sema ondoka, na ulimi wa bibi ukitoka na kurudi bila neno, kama ulioshikwa na vidole.

Halafu kelele zikakatika, na sauti isiyo yake ikasema, bila midomo kusogea, "Binti hanitaki. Basi yupo mdogo. Mdogo ananukia maziwa."

Jikoni, Aufa akaanza kulia.

"Usijibu," mganga alisema. "Linakudanganya. Kamaliah, nitazame mimi. Bado kidogo tu."

Lakini Kamaliah alikuwa akimtazama mama yake. Mek Jarah alikuwa amemnyooshea mkono.

"Nimepokea," Kamaliah alisema. "Nimepokea mimi. Mwache mwanangu. Mwache na mama apumzike."

Harufu ikakatika. Mek Jarah alishusha pumzi ndefu, akafumba macho, akafa akiwa ametulia kabisa. Pak Su Derasid aliupiga ukuta kwa ngumi. "Neno moja," alisema. "Lilikuwa limebaki neno moja mdomoni mwake."

Miezi ikapita. Siku moja Daktari Kugan alimletea Suhaila faili jipya. Mgonjwa anakataa matibabu, alisema, labda wewe atakusikiliza. Suhaila alisoma jina akaketi. Ilikuwa saratani ya titi, imewahiwa mapema. Akazichunguza dawa zote zilizoandikwa, moja baada ya nyingine, na hakuona kosa lolote. Zilikuwa dawa nzuri. Mtu akizitumia zote anapona.

Kamaliah aliingia na Aufa begani. Alikuwa amekonda, ila macho yake yalikuwa maangavu kuliko zamani.

"Inatibika," Suhaila alimwambia, akigeuza faili ili aone. "Nisikilize, usiniudhi. Ile ya mama yako ilichelewa, yako haikuchelewa. Utatapika, utachoka, nywele zitanyonyoka, kisha zitaota tena."

Kamaliah alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Wiki iliyopita walinipa vidonge vya maumivu nilipokatwa kinyama cha kupima," alisema. "Nilimeza kimoja tu. Mimi nilikesha na maumivu yangu. Huyu alilala mpaka siku ya pili, nikawa namwagia maji usoni aamke."

Suhaila akamtazama mtoto aliyekuwa begani.

"Sasa niambie, dada. Nikianza hizo dawa zako, ni nywele za nani zitakazonyonyoka?"

Aufa aliinua kichwa begani kwa mama yake, akamtazama Suhaila, akatabasamu. Suhaila alichukua kalamu. Akaifuta dawa ya kwanza, akaifuta ya pili, akaendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa, na mstari wa mwisho ulikaribia kuchana karatasi.