Maji ya Ukoko ya Zafisoa

Huku Tanambao, mtu akila wali bila kushushia maji ya ukoko, huona hajala. Wali ukishapakuliwa, ukoko huachwa ndani ya sufuria uungue vizuri. Kisha humwagiwa maji, na sufuria hurudishwa motoni. Maji yakitoka rangi ya chai, tunakunywa.

Kila nyumba hupika maji hayo, lakini ya Zafisoa yalisifiwa kijiji kizima. Mwenyewe alijua, wala hakuwa mtu wa kuficha.

"Njoo unywe, shoga," alikuwa akimwita jirani yake Velomasy kila mchana. "Ya kwako yananuka moshi."

"Na ya kwako yananuka majivuno," Velomasy alikuwa akimjibu, huku ameshapokea kikombe.

Mwezi wa Februari kimbunga kikatupiga. Bahari iliuvuka mchanga ikaingia hadi kijijini. Nyumba zetu ni za miti na majani ya ravinala, mti unaofanana na mgomba, basi nyingi zililala chini. Nyumba ya Velomasy hatukuona hata nguzo. Nyumba ya Zafisoa iko nyuma ya kilima, kwa hiyo ilipona. Jiko lake tu ndilo lililobomoka.

Zafisoa hakungoja kuombwa. Alimchukua Velomasy na binti yake Kalo, mtoto wa miaka mitatu. Akachukua na familia nyingine tatu.

"Hii sasa ni nyumba au soko?" aliuliza Tombo, mumewe.

"Ni nyumba yenye paa. Sogea."

Chakula kilikuwepo kidogo: mchele uliookolewa, na mashelisheli yaliyoangushwa na upepo. Tabu ilikuwa kuni, maana zote zililoa. Zafisoa akawa anazibana. Wali aliuivisha, lakini maji ya ukoko aliyaepua mara tu yalipobadilika rangi. Watu walikunywa, wakamshukuru. Naye roho yake ilitulia kwa kuwa alikuwa anawafaa wenzake.

Baada ya siku chache Kalo alianza kuharisha. Wazee wawili nao wakashikwa na tumbo. Wengine walisema kuna mtu amevunja mwiko. Wengine walilaumu mashelisheli. Zafisoa alimpakata Kalo na kumnywesha maji ya ukoko kikombe baada ya kikombe, kwa upendo wote. Mtoto alizidi kulegea. Macho yalididimia. Alipolia, machozi hayakutoka.

Bezara, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akipita nyumba hadi nyumba. Alipomwona Kalo aliuliza, "Mnakunywa maji gani hapa?"

"Ya ukoko," alijibu Zafisoa. "Sisi hatunywi maji mabichi."

"Unayachota wapi?"

"Kisimani."

"Kisima kilifunikwa na mafuriko, dada. Na vyoo vyote vilifurika."

"Lakini nayapika!"

"Unaepua wakati gani?"

"Rangi ikishakolea. Wewe mwanamume leo utanifundisha mimi maji ya ukoko?"

Watu walicheka. Bezara naye alicheka. Kisha akaomba bakuli. Alitia ukoko ulioungua, akamwaga maji ya kisimani, akakoroga kwa kijiko. Hakuwasha moto. Polepole maji yakageuka rangi ya chai.

"Rangi imekolea?" aliuliza.

"Imekolea," alisema Zafisoa.

"Haya, kunywa."

Zafisoa alirudi nyuma. "Hayo si mabichi?"

"Mabichi kabisa. Rangi ni ya ukoko, dada. Haituambii kama moto umefanya kazi yake. Ngoja mpaka maji yatokote, mapovu makubwa yapande toka chini. Yaache yatokote kwa dakika nzima. Hapo ndipo vijidudu vya ugonjwa vinakufa."

Velomasy alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwa Kalo. Alikichukua akakimwaga nje.

"Umemnywesha mwanangu maji ya choo," alisema.

Zafisoa alilia.

"Hata wewe ulikunywa, na hukujua," Bezara alimwambia Velomasy. "Lawama baadaye. Mtoto anataka maji safi sasa hivi. Nani ana kuni kavu?"

Hakuna aliyekuwa nazo. Ila juu, chini ya paa, Tombo alikuwa ameweka miti mikavu ya kujengea jiko.

"Tombo," aliita Zafisoa.

"Hiyo hapana. Hiyo ni ya jiko letu."

"Tombo!"

Tombo alimtazama Kalo. Akapanda, akaishusha miti na kuipasua mwenyewe kwa shoka. "Basi tutapikia uani mpaka mwakani," alinung'unika.

Maji yalitokota. Yalipopoa, Bezara alipima lita moja. Akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika.

"Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kidogo, mpe tena. Na twende zahanati. Mtoto mwenye macho yaliyodidimia hivi hasubiri nyumbani."

Velomasy na Bezara walimpeleka kwa mtumbwi kupitia mfereji. Zafisoa alitaka kupanda.

"Wewe baki," alisema Velomasy.

Akabaki. Kwetu tuna desturi ya kupeana mikono: leo mnanijengea mimi, kesho nawajengea ninyi. Watu walikuwa wamejipanga kuanza na nyumba. Zafisoa akaomba mikono ianze na kisima.

"Watu hatuna paa, wewe unataka tuoshe kisima?" aliuliza mmoja.

"Kukosa paa kutatulowesha," alisema Zafisoa. "Kisima kile kitatuzika."

Basi tukaanza na kisima. Tulikichota kisima mpaka chini, tukasugua kuta. Bezara aliporudi akatia dawa ya klorini, tukangoja, tukachota tena mpaka harufu ikaisha. Tukainua ukingo na kutengeneza kifuniko. Pia tuliweka meko moja ya wote. Kila nyumba ilileta vipande vya miti iliyovunjika, tukavikausha kwenye uchaga juu ya moto.

Kalo alirudi mgongoni mwa mama yake, akiulizia wali. Velomasy alimpita Zafisoa bila salamu. Alikwenda mekoni akasimama mpaka maji yakatokota, ndipo akachota. Kisha akanywa. Siku hiyo Zafisoa hakutaka zaidi ya hapo.

Nyumba ya Velomasy ilikamilika mwezi wa Mei. Zafisoa alikuwa amebeba majani mengi ya paa lake kuliko mtu yeyote. Jioni moja Velomasy alimfuata uani.

"Moto wa kwanza wa nyumba yangu uje uuwashe wewe," alisema.

Tulikusanyika, tukala wali, tukangoja maji ya ukoko. Tulingoja sana.

"Rangi imekolea, mama, epua!" alipiga kelele Tombo. "Koo limekauka!"

Kalo alichungulia sufuria kwa mbali, mikono kiunoni.

"Bado!" alimkemea. "Hayajatokota!"

Velomasy alicheka mpaka akamshika Zafisoa bega asianguke. Na mkono wake hakuuondoa mpaka maji yalipotokota.