Jiwe Lililozikwa Zizini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kabula alizoa samadi katika zizi la baba yake. Mzee Mwandu alihamia Kawajense, pembeni mwa mji wa Mpanda, akitokea Usukumani na mifugo yake, na mwaka ule wa 1996 alikuwa na ng'ombe kumi na wanane. Ng'ombe kumi na wanane hawana mchezo katika suala la samadi. Alipomaliza, Kabula alinawa miguu kwa kopo moja la maji, akavaa sare na kutembea nusu saa hadi shuleni. Alikuwa darasa la sita. Hakuwa wa mwisho darasani, wala hakuwahi kuwa wa kwanza, na jambo hilo la pili lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Siku moja ya Mei, Mwalimu Gelasius, aliyefundisha historia, alichora ubaoni mti wenye matawi mengi. Karibu matawi yote aliyakomesha njiani kwa mstari mfupi. Tawi moja tu aliliacha lifike juu.

"Hili ndilo sisi," alisema. "Haya mengine ni watu wa kale. Walitembea kwa miguu miwili kama sisi, na baadhi yao walichonga zana za mawe. Lakini koo zao zilikatika."

Amosi, mvulana aliyekaa dawati moja na Kabula, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo yule Zinjanthropus aliyefukuliwa Olduvai ni babu yetu?"

"Si babu. Mwite ndugu wa babu. Wewe babu yako ana ndugu?"

"Alikuwa na mdogo wake, mwalimu. Alikufa hajaoa."

"Basi. Wewe hukutoka kwake, lakini ni ndugu yako. Ukimkana, watu wa kwenu watakushangaa."

"Na nyani je?" aliuliza mtu wa nyuma, na darasa zima likacheka.

"Hatukutoka kwa nyani. Sisi na yeye tuna mzazi mmoja wa zamani sana, kisha kila mmoja akashika njia yake. Ni ndugu wa mbali zaidi. Chekeni, ila msimtupie mawe."

Mwishoni mwa kipindi, mwalimu aliwaonyesha picha ya jiwe lililochongwa pande mbili, kisha akatoa tangazo. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja cha historia. Kitakachokuwa bora kitapelekwa kwenye maonyesho ya shule huko Sumbawanga, makao makuu ya mkoa, na aliyekileta atasafiri nacho. Kabula hakuwahi kufika Sumbawanga. Aliitaka safari ile kwa moyo wake wote.

Kwa siku tatu alitafuta kijitoni jiwe kama lile la pichani. Hakuliona. Siku ya nne alikaa nyuma ya jiko akaanza kugonga jiwe jeupe kwa jiwe lingine. Mawe sita yalipasuka ovyo. La saba lilikubali, likapata umbo la ulimi wa ng'ombe, ila kipande kilichoruka kilimchana kiganja. Alikifunga kidonda kwa kitambaa cha kanga kuukuu na kuendelea.

Tatizo lilikuwa weupe. Jiwe liling'aa kama sahani mpya. Hapo Kabula alikumbuka jinsi babu yake alivyokuwa akizika fimbo mpya ndani ya samadi mbichi ili zipate rangi ya ukale. Alilifukia jiwe kwenye kona ya zizi. Baada ya juma moja alilifukua kwa mkono uleule wenye kidonda, na jiwe likatoka na rangi ya hudhurungi katika nyufa zake zote. Alilisuuza, akalifunga kwenye karatasi na kulipeleka shuleni.

Mwalimu Gelasius alilishika kwa mikono miwili. "Umeliokota wapi?"

"Kijitoni, mwalimu. Pale wanapochimba mchanga."

"Lilikuwa kwenye kina gani?"

"Kama kiuno changu hivi."

Mwalimu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyetamani jambo liwe kweli, na watu wazima wengi wana kosa hilo. Aliandika jina la Kabula kuwa ndiye wa kwenda Sumbawanga. Tena akasema atawaandikia wataalamu wa mambo ya kale Dar es Salaam, waje kuchimba pale kijitoni.

"Wewe kiboko!" Amosi alimwambia, akampiga bega.

Kabula alitabasamu, lakini moyoni hakufurahi kama alivyotarajia.

Siku mbili baadaye kiganja kilivimba, na maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Nyumbani alisema alijikata na kisu cha mboga. Mzee Mwandu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimpakia kwenye baiskeli akampeleka zahanati. Huko waliingia kwa nesi aliyeitwa Salima.

"Umekatwa na nini?"

"Kisu."

"Kidonda kimegusa udongo au mavi ya ng'ombe?"

Kabula alitazama sakafu. Nesi Salima akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nisikilize, mwanangu. Kwenye mavi ya ng'ombe kuna vijidudu vya pepopunda. Vikiingia kwenye kidonda, mtu hukaza taya, hukaza mgongo, na wengi hawaponi. Sindano ya kuzuia ipo, lakini zimebaki chache, nazo nawapa wanaozihitaji hasa. Kama ni kisu cha jikoni tu, nitakisafisha kidonda urudi nyumbani. Sasa niambie, ni kisu?"

Kabula aliogopa. Akisema kweli, safari imekwisha, na mwalimu ataaibika. Akinyamaza, atarudi nyumbani na safari yake, na labda na pepopunda. Alimtazama baba yake. Mzee Mwandu alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

"Ni jiwe," alisema Kabula. "Nililichonga mwenyewe, nikalizika zizini lionekane la zamani. Nililifukua kwa mkono huu."

"Jiwe gani? Lile la shule?" baba yake akauliza.

"Ndiyo, baba."

Nesi aliinuka akaenda kuchukua sindano.

Kesho yake asubuhi Mzee Mwandu alifuatana na binti yake hadi ofisi ya walimu. Barua ya Dar es Salaam ilikuwa mezani, imeshabandikwa stempu. Kabula alimwamkia mwalimu, kisha akaeleza yote bila kuruka kitu. Mwalimu Gelasius alisikiliza hadi mwisho, akaichukua barua ile na kuichana.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Maswali ya kukuuliza niliyajua, ila sikutaka kusikia majibu yake. Sumbawanga ataenda Amosi na jembe la kienyeji la babu yake alilolileta."

"Ni haki, mwalimu," alisema Kabula, na machozi yakamtoka.

"Mawe mangapi yalikupasukia?"

"Sita, mwalimu. Ni kazi ngumu. Wale watu hawakuwa wajinga."

"Hilo ni kweli, na umelijua kwa mkono wako mwenyewe. Ungeniletea hilo tu, lingetosha. Badala yake umenikosea mimi, na wale watu wa kale pia."

Kabula alifuta uso kwa mkono usio na bendeji. Kulikuwa na jambo ambalo bado hakulielewa. "Nisamehe, mwalimu. Wewe nimekukosea, najua. Lakini wale walikufa zamani sana. Wao nimewadhuru nini?"

Mwalimu alimtazama Mzee Mwandu kwanza, kisha mtoto.

"Mtu wa kwenu akifa, halafu aje mgeni msibani aseme marehemu alikuwa mwizi, nani atamkatalia?"

"Watoto wake."

"Eeh. Hawa hawana watoto, Kabula. Hawana wajukuu, hawakuacha hata barua moja. Habari zao zimebaki kwenye mifupa na mawe tu. Ukichanganya jiwe lako na mawe yao, umewasemea uongo, na hakuna mtoto wao wa kuja kukukatalia. Ndugu zao waliobaki ni sisi peke yetu."